Nasoma mpaka saa nane usiku, nikifungua pepa kichwa kinakuwa cheupe

"Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa miaka 17, niko form four shule ya kutwa hapa Dar, nakaa kwa mjomba. Zimebaki wiki tano tuanze NECTA. Nasoma sana dokta, nikitoka shule naenda tuisheni, nikirudi naosha vyombo afu nakaa mezani mpaka saa nane usiku, saa kumi na moja nishaamka. Saa mbili usiku nakunywa enaji ili nisisinzie. Lakini mock nimepata divisheni 3 ya pointi 24 na Hesabu nimepata F, wakati maswali mengine nilikuwa nayajua kabisa. Nilivyofungua tu pepa moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatoa jasho, kichwa kikawa cheupe, nikakaa kama nusu saa naangalia tu karatasi. Nilivyotoka nje nikakumbuka majibu nikalia. Saivi hata nikiona daftari la Hesabu tumbo linauma, kichwa nacho kinauma kila siku nameza diklofenaki. Anti anasema ni vidonda vya tumbo vya mawazo, bibi anasema kuna mtu kanifunga. Mama kijijini ameshawaambia watu wote naenda kuwa nesi. Kichwa changu kina shida gani dokta, na nifanyeje hizi wiki zilizobaki? Kuna mwenzangu kaniambia kuna kundi Telegramu wanauza pepa."

Marahaba mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na nianze na swali lako la kichwa. Kichwa chako kizima, na ushahidi umenipa mwenyewe bila kujua: umesema ulipotoka nje ukakumbuka majibu. Mtu asiyejua kitu akitoka nje anaendelea kutokijua, hata akikaa chini ya mwembe mpaka jioni. Wewe majibu yalikuwemo ndani, mlango ndo haukufunguka kwa wakati, na wewe toka siku ile unapambana kuongeza mizigo stoo wakati kilichokwama ni kitasa.

Nijitambulishe vizuri kidogo usije ukaniomba dawa. Mimi sio dokta wa sindano, ni mwanasaikolojia, kazi yangu kukaa na watu na kuongea nao, na kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa benchi la nje ya ofisi linajaa form four wenye stori kama yako, wengine wameletwa na mzazi ambaye ana hofu kuliko mtoto mwenyewe.

Sasa kilichokupata siku ya mock ni hiki. Mwili hauna hofu mbili, moja ya mbwa na nyingine ya mtihani, ipo hiyohiyo moja. Ukikutana na mbwa mkali kichochoroni ubongo unapiga kengele, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unasukuma damu kwa fujo kwenda kwenye misuli ili ukimbie, viganja vinatoa jasho, tumbo linasimamisha kazi ya kusaga chakula na ndo maana unalisikia linanyonga. Nyuma yake inakuja homoni nyingine inaitwa kortiso, hiyo inakaa muda mrefu zaidi na ikiwa nyingi inafanya kuvuta kumbukumbu kuwe kugumu. Karatasi ya mtihani haing'ati, ila kengele ikishalia imelia, na kukimbia huwezi maana msimamizi yupo mlangoni, kwahiyo unabaki umekaa kwenye dawati na mwili wa mtu anayekimbizwa.

Alafu kuna la pili ambalo ndo linaeleza kwanini ilikuwa Hesabu na sio Kiswahili. Kichwani kuna sehemu ndogo ya kushikilia vitu kwa muda wakati unavifanyia kazi, tuiite kimeza. Ni kidogo kweli, kinabeba kama vitu vinne hivi kwa mkupuo. Chukua swali la kutafuta x na y: inabidi ushike kwamba mstari wa juu umeuzidisha mara 3, ushike ile alama ya kutoa, ushike jibu ulilopata, na ukumbuke unaelekea wapi. Kimeza kimejaa tayari. Juu yake sasa weka "mama ameshawaambia watu wote", weka "yule wa mbele ameshafungua ukurasa wa pili", weka "mjomba atasemaje". Kitu lazima kidondoke, na kinachodondoka huwa ni ile alama ya kutoa. Kwenye insha ukidondosha neno sentensi bado inasimama, kwenye Hesabu ukidondosha alama swali zima limekwenda, unaona jibu la ajabu, unashtuka, kengele inalia zaidi. Ile nusu saa yako ilipita hivo.

Usije ukanielewa kwamba tunataka hofu iishe. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, walifanya majaribio na panya, wakaona kwamba msukosuko kidogo unamfanya mnyama ajifunze haraka ila kazi ikiwa ngumu na msukosuko ukazidi anaharibu. Kwa watu sio kila kitu kinaenda sawasawa na panya, lakini mimi mwanafunzi asiye na hofu kabisa wiki tano kabla ya NECTA ananitia wasiwasi kuliko wewe. Wewe tunakupunguza tu kutoka kumi mpaka tano.

Bibi naomba nimjibu kwa heshima maana najua anakupenda. Mwaka 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ilikuwa tarehe 30 Januari. Ikasambaa, kicheko na kilio, mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na Machi shule ikabidi ifungwe. Madaktari wakatafuta vimelea, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakuona kitu, na wengi walioisoma habari ile baadaye wanaamini ilikuwa presha ya maisha ya shule ikitokea mwilini kwa sababu haikuwa na pengine pa kutokea. Hata leo mabinti wanapoanguka bwenini kipindi cha mitihani watu wanaita mashetani. Kwahiyo bibi kaona sawa kwamba kuna kitu kimekubana, mimi na yeye tunatofautiana tu kwenye nani amekubana. Akitaka kukuombea muache akuombee, dua haimharibii mtu usingizi.

Anti naye yuko nusu sahihi. Mawazo yanaweza kufanya tumbo linyonge na kuwaka, hilo kweli, ila kidonda chenyewe mara nyingi kinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, waliomgundua ni Barry Marshall na Robin Warren wa Australia na mwaka 2005 wakapewa Nobel kwa kazi hiyo. Mletaji mwingine mkubwa wa vidonda unajua nani? Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofen. Umeona ulipoingia? Unameza kila siku, nina uhakika asubuhi hujala kitu zaidi ya chai ya rangi, alafu tunalaumu Hesabu. Hilo nitalirudia mwishoni.

Tuje kwenye usingizi, hapa nitakuwa mkali kidogo kama mzazi. Saa nane mpaka saa kumi na moja ni masaa matatu. Mtu wa umri wako anatakiwa masaa 8 mpaka 10. Najua maisha ya kukaa kwa mjomba, vyombo haviwezi kujiosha, kwahiyo sikwambii kumi, nakwambia saa nne usiku taa imezimwa, hayo ni masaa saba. Najua utasema dokta nitapoteza masaa manne ya kusoma. Hayo manne ni feki mwanangu. Unaposoma mchana vitu vinakaa kwanza kwenye sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, ni kama kapu la muda, na wakati umelala ndo ubongo unavirudia rudia na kuvihamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Ukilala masaa matatu unajaza kapu kila siku bila kulimwaga, ndo ile hali unasoma ukurasa mara kumi na haubaki.

Na hiyo enaji. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu yake mwilini, kwahiyo kopo la saa mbili usiku, saa saba bado nusu ya kafeini imo inafanya kazi, hata hayo masaa matatu unayolala sio usingizi wa maana. Mbaya zaidi kafeini ikizidi inaleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na tumbo kuwaka. Yani dalili zako zote unazinunua dukani kwa Mangi. Iache leo, kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu kwa kuizoea, kitapita.

Nakwambia haya nikiwa nimeyaonja. Form four yangu ya kwanza nilikesha wiki nzima kwa kahawa, siku ya Fizikia nikalala kwenye pepa, nimelala kweli, msimamizi aliniamsha mate yameloanisha swali la tatu. Nilirisiti mwaka uliofuata kama praiveti, na niliyosoma mwaka ule yalikuwa machache kuliko ya mwanzo, ila nilikuwa nalala.

Sasa jambo kubwa ninalotaka ubaki nalo. Kwa maelezo yako kazi unayoifanya kila siku ni ya kuingiza: shule unaingiza, tuisheni unaingiza, usiku unasoma daftari tena na tena unaingiza. Mtihani haukuulizi umeingiza kiasi gani, unakuuliza unaweza kutoa nini ndani ya masaa matatu, na hiyo kazi ya kutoa mara ya kwanza kuifanya umeifanya ndani ya chumba cha mock na watu wanakuangalia. Lazima mlango ugome. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa chuo kimoja Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja likairudia kuisoma mara nne, lingine likaisoma mara moja tu alafu likafunga na kujaribu kuiandika kutoka kichwani mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi na walikuwa wanajiamini. Baada ya wiki moja wale wa kutoa kichwani walikumbuka asilimia 61, wale wa kurudia kusoma 40. Kurudia kusoma kunakupa raha ya kuona unajua, ni kama kumtazama mama anasonga ugali ukadhani na wewe unaweza, mpaka upewe mwiko.

Kwahiyo fanya hivi. Leo jioni chukua mada moja ya Bailojia, tuseme mzunguko wa damu. Soma dakika ishirini. Funga daftari, liweke chini ya kiti kabisa usilione, chukua karatasi chakavu uandike kila unachokumbuka, chora moyo, weka vyumba vinne, mishale ya damu, hata ukikwama kaa nako hapohapo dakika moja mbili usifungue, ule ugumu unaousikia ndo kazi yenyewe inafanyika. Alafu fungua na kalamu nyekundu ujaze yaliyokosekana. Kesho yake, kabla hujasoma kitu kipya, andika tena yale mekundu tu. Baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena. Utaona kama unaenda polepole kuliko zamani na utatamani kurudi kwenye kusoma kama gazeti. Usirudi.

Hesabu ndo tunaizoesha na kengele. Pepa yake ni masaa matatu, dakika 180 kwa maksi 100, kwahiyo swali la maksi 6 lina kama dakika kumi na zaidi kidogo, sio mbio kama unavyoisikia moyoni. Wiki hii chukua maswali matatu tu ya pepa ya miaka ya nyuma, mada unazozijua, weka saa ya simu dakika thelathini, simu yenyewe iwe mbali. Wiki ijayo nusu ya pepa. Kuanzia wiki ya tatu kila Jumamosi pepa nzima, saa mbili asubuhi, umevaa hata sketi ya shule ukitaka, umekaa kwenye meza isiyo yako, kama shule wanafungua darasa nenda huko na wenzako wawili. Moyo utakimbia mara ya kwanza, mara ya pili pia, mara ya nne ubongo utakuwa umeshaanza kuzoea kwamba karatasi hii haina meno. Hofu ya namna hii inapungua kwa kuikaribia kidogokidogo, ukiikwepa inakua. Na kila unaposahihisha, ingia tovuti ya NECTA kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure kabisa, wanaonyesha watu walikosea wapi na jibu zuri lilikuwaje. Nashangaa sana wanafunzi wanalipia madesa na hizi hawazijui.

Hapo utauliza muda utatoka wapi, na mi sitakudanganya: tuisheni ya kila siku inabidi ipungue. Mwalimu mzuri wa Hesabu mara mbili tatu kwa wiki anatosha, hizo siku nyingine ndo za kutoa. Na mada ambazo hujawahi kuzigusa kabisa, wiki tano hazitoshi kuzibeba zote, chagua mbili tatu zinazotoka mara kwa mara, nyingine ziache na usizililie.

Tupige na hesabu ya divisheni kidogo maana naona inakutisha kuliko ilivyo. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kama unafanya masomo tisa na ile F ya Hesabu ni moja tu, basi hata haimo kwenye pointi zako 24. Divisheni 2 inaishia 21. Yani masomo matatu yapande daraja moja moja, D ya 40 iwe C ya 45, umeingia. Na unesi hausubiri divisheni 1, vyuo vya kati vya afya vinaangalia zaidi kama umefaulu Kemia, Bailojia na Fizikia, ila vigezo huwa vinabadilika kwahiyo tafuta mwongozo wa NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, wa mwaka wako usome mwenyewe. Mwisho wa yote kuna kurisiti, unaongea na mtu aliyepita huko.

Siku yenyewe ya pepa, kula kitu, hata kama ni kiporo na chai. Kabla ya kuingia kaa pembeni dakika kumi uandike kwenye karatasi kila kitu unachokiogopa, bila kuremba, "naogopa mama ataaibika", alafu chana utupe. Najua inaonekana mchezo wa kitoto, ila watafiti Ramirez na Beilock mwaka 2011 waliona wanafunzi waoga wa mtihani walioandika hivyo walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika, maelezo yao ni kwamba ile hofu ikishatoka kwenye karatasi inaacha nafasi kwenye kile kimeza chetu. Ukipewa pepa lisome lote kwanza, tia tiki yale unayoyajua, anza na jepesi kuliko yote hata kama ni la tisa. Cheupe kikija, weka kalamu chini, nyayo zote mbili sakafuni, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu mpaka saba, rudia mara sita. Kutoa pumzi taratibu kunaamsha ule mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo, hili fanyia mazoezi nyumbani kila usiku maana siku ya mtihani sio siku ya kujifunza kupumua. Alafu andika chochote unachojua cha swali hilo, hata fomula tupu, Hesabu ina maksi za njia.

Kundi la Telegramu toka leo. Wengi wao wanapokea hela wanakutumia pepa la zamani limebadilishwa mwaka, na ikitokea mtu kakamatwa na la kweli NECTA wanafuta matokeo yote, sio ya somo hilo tu. Alafu fikiria mwenyewe utakavyolala ukiwa unasubiri pepa la wizi saa saba usiku.

Mama mpigie simu mwisho wa wiki hii. Usimwambie "nitafeli", mwambie ulichoniambia mimi: nasoma lakini naogopa, na ukiwaambia watu naogopa zaidi. Kina mama wengi wanaotangaza hivo wanadhani wanampa mtoto moyo, hakuna aliyewahi kuwaambia mzigo unavyokaa upande wa pili. Mjomba naye muombe jambo moja dogo, vyombo vya usiku wiki hizi tano mgawane na mwingine pale nyumbani.

Sasa kuna vitu ambavyo mimi na maandishi yangu hatutoshi. Maumivu ya kichwa ya kila siku na moyo kwenda mbio kwa binti wa umri wako inaweza kuwa hofu na usingizi, ila inaweza pia kuwa damu imepungua, hasa kama hedhi yako ni nzito, au macho yanahitaji miwani. Vyote hivi vinapimika. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na kama moyo unakimbia hivo hata siku usiyoshika daftari, au wiki mbili zimepita usingizi hauji hata ukizima taa, chakula hakipandi, unalia bila sababu, nenda kwa mwalimu wa malezi pale shuleni au hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, na Muhimbili ipo. Na ikitokea umewaza kwamba bora nisiwepo, hata mara moja, hata kwa utani, usisubiri kesho, mwambie mtu mzima unayemuamini usiku huohuo na piga 116, ni namba ya watoto ya taifa, ni bure, na wewe kwa miaka 17 bado ni mmoja wao.

Kwa leo acha diklofenaki, kichwa kikikushinda tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Jumatatu pita kituo cha afya kabla ya tuisheni, waombe wakupime damu na wakuangalie hilo tumbo, na ile pakiti ya diklofenaki iliyobaki nenda nayo mkononi uwaonyeshe, usiwaambie tu "nameza panadol".